Kushinda na Wanaojua Kuuza

Sisi tuliosomea masoko tulianzia kwenye P nne. Mmarekani E. Jerome McCarthy alizipanga hivyo mwaka 1960, Philip Kotler akazieneza, na leo sidhani kama kuna mwanafunzi wa biashara kuanzia Mzumbe hadi Makerere anayeshindwa kuzitaja: bidhaa (product), bei (price), mahali (place), promosheni (promotion). Nami nilizitaja kwenye mitihani nikafaulu, na ninaziheshimu mpaka leo. Lakini P nne zinakupa majina ya maamuzi tu, uamuzi wenyewe ukifanyika huuoni. Huoni jinsi mfanyabiashara mzoefu anavyomtazama mteja anayevuka kizingiti, akajua kabla hajafungua mdomo kwamba huyu atataka kukopa na yule amekuja kupima bei tu. Kuliona hilo lazima ufunge safari, ukae karibu naye, siku ianze na kuisha ukiwa hapo hapo.

Mimi nauza asali. Inatoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora, upande wa Sikonge, kwa warinaji ambao baadhi yao bado wanatundika mizinga ya magome na magogo waliyofundishwa na baba zao. Kila aliye kwenye biashara hii anazijua shida zake. Asali ikiganda, mteja anasema umeweka sukari. Mwingine anachovya njiti ya kiberiti ndani ya asali na kuiwasha, isipowaka anakurudishia chupa. Na kandokando ya barabara kuu kuna asali iliyojazwa kwenye chupa za Konyagi zilizooshwa, kwa bei ambayo wewe mwenye lebo na nembo ya ubora huwezi kuifikia. Nilitaka kujua mtu mwenye mkakati hufikiri nini akikutana na mambo kama hayo. Hivyo nikaanza kusafiri kwenda kwa watu wanaosifika kwa kuuza, hata wale ambao hawajawahi kuuza asali, na kuwaomba jambo moja: nishinde nao kutwa nzima kazini kwao.

Watu huniuliza kwa nini nisijifunze kwa wauza asali wa hapa hapa Dar es Salaam. Jibu liko wazi kwa yeyote aliyewahi kufanya biashara mji mmoja na mwenzake. Muuza asali wa mtaani kwangu, hata tukiwa tunasalimiana vizuri, hawezi kunifungulia daftari la wadeni wake wala kunitajia anaponunua vifungashio. Angekuwa anajimaliza mwenyewe. Muuza leso, yaani kanga, wa Mombasa hana cha kunihofia. Siuzi anachouza, sikai anapokaa, na siku mbili tatu zijazo nimepanda basi nimeondoka. Nimeona watu wakinieleza mambo ambayo wadogo zao wa tumbo moja hawajaelezwa, kwa sababu tu mimi ni mpita njia mwenye adabu.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kariakoo, eneo la soko kuu la Dar es Salaam, muuzaji wa vyakula kwa jumla: mchele, maharage, karanga, viungo. Nilipelekwa na mtu anayefahamiana naye, maana Kariakoo huingii tu dukani kwa mtu ukasema umekuja kujifunza. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu. Akauliza swali moja: "Alfajiri unaweza kuamka?" Nikasema naweza. Akasema njoo.

Alinipa kazi ya kuandika risiti na kuhesabu viroba vinavyotoka. Ile kazi ilikuwa na maana kuliko ilivyoonekana, kwa sababu ilinipa sababu ya kuwapo. Mteja akikuta mtu amekaa pembeni na daftari anamtazama, anabadilika. Akikuta binti anaandika risiti, anaendelea na shughuli zake na maneno yake yote.

Kariakoo, mbali na watu wa mikoani, inalisha wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Mzee hakutaja bei kwa yeyote kabla ya kuuliza, "Mzigo unakwenda wapi?" Aliuliza kwa sauti ya salamu, na mteja akajibu kwa sauti ya salamu, lakini yote yaliyofuata yalitoka kwenye jibu hilo. Mama aliyesema Lubumbashi hakuonyeshwa mchele uliokuwa mbele. Aliletewa wa stoo, kwenye viroba vilivyoshonwa mara mbili. Mzee alipita kiroba baada ya kiroba akiminya mshono kwa kidole gumba, akafika kwenye kimoja akasimama, akamwita kijana wake: kishonwe upya. Mzigo wa Lubumbashi unapita Tunduma, unakaa foleni mpakani, unabebeshwa mizigo mingine juu yake. Wa Komoro unaingia chomboni, adui yake ni unyevu. Wa Morogoro kesho uko dukani, mwenye nao anataka bei nzuri basi. Mchele ulikuwa mmoja, ila aliuuza kwa namna tatu.

Jioni, milango ya duka ikishafungwa nusu, nilimuuliza kwa nini asiwauzie wote huo wa mishono miwili. Akasema, "Binti yangu, wa Morogoro hana haja ya mshono, ukimwekea gharama yake anakwenda kwa jirani. Huyu wa Lubumbashi kiroba kikimpasukia njiani, faida yake imemwagika. Yeye mimi namuuzia mshono."

Kwangu hilo ndilo somo zima la kugawa soko, lile ambalo chuoni lilichukua mihadhara kadhaa yenye michoro ya duara. Tofauti ni kwamba chuoni tuligawa wateja kwa umri, kipato na jinsia. Mzee aligawa kwa kitu kimoja tu: kitakachoharibika kati ya duka lake na mlango wa mteja. Umri wao hakuujua wala hakuuhitaji.

Siku hiyo hiyo nilimtolea chupa yangu ya asali. Akaigeuza, akaisoma. "Hii kiasi gani?"

"Gramu mia tano, mzee."

Akachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokuwa mezani, akaziweka bega kwa bega. Hakusema kitu, na hakukuwa na haja. Asali ni nzito: lita moja ina takriban kilo 1.4. Gramu 500 ni kama mililita 360 tu. Muuzaji wa barabarani anajaza chupa nzima ya maji ya nusu lita, ambayo ndani yake ni gramu 700 hivi. Mteja hasomi gramu. Anaona chupa fupi yenye bei kubwa na chupa ndefu yenye bei ndogo, akili yake inamaliza hesabu. Nilikuwa na majibu ya ubora, usafi, nembo ya TBS, shirika la viwango. Mzee aliyasikiliza yote kwa subira, kisha akasema, "Huyo wa chupa ndefu mwachie. Wewe mtafute ambaye akiiona asali yako hafikirii chupa ndefu." Akafunga hesabu, akaenda kuswali.

Huyo mteja ni nani, hakuniambia. Sehemu ya jibu niliipata Mombasa.

Kwa mtu wa masoko, Mtaa wa Biashara kule Mombasa unastahili safari peke yake. Hapo ndipo jina la Kaderdina Hajee Essak lilipojengeka, duka la leso lenye historia inayorudi hadi mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" ambayo wanawake wa pwani nzima wanaitafuta kwa macho kabla ya kuigusa leso. Fikiria biashara hiyo. Kitambaa cha pamba, vipimo vilevile, pindo, mji wa katikati na jina, yaani ule msemo, kimeuzwa kwa zaidi ya karne moja kwa mabibi, mama na mabinti, na bado doti mpya ikiingia watu wanauliza. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kufanya hivyo. Jina lililoandikwa pale chini ndilo linaloifanya leso hii kuwa tofauti na ile iliyo na rangi zilezile.

Mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja mwenye duka dogo maeneo hayo. Kwake kazi yangu ilikuwa kukunja. Wateja wa leso hukunjua kila kitu, kwa hiyo kazi ya kukunja haiishi, na anayekunja yuko karibu sana na mazungumzo. Bibi hakuanza na rangi wala bei. Alianza na, "Yako, ama ya kupeleka?" Ikiwa ya kupeleka: "Wampelekea nani?" Kisha anachomoa mbili, aghalabu tatu, anazilaza juu ya meza upande wa jina ukimwelekea mteja. Rafu nzima imejaa nyuma yake, yeye anatoa tatu.

Akaja kijana, mavazi ya kazi, anataka leso ya mama mkwe. Alikuwa ameshavutiwa na moja iliyotundikwa mlangoni, nyekundu na nyeusi, nzuri kweli. Jina lake lilikuwa "Mdhaniaye ndiye siye." Pesa alikuwa nayo mkononi. Bibi akaiteremsha ile leso, akaikunja pole pole, akaiweka chini ya meza ambako kijana asingeiona tena. "Hii, mwanangu, ukimpelekea mama mkwe, jioni watakaa kikao wakuulize wamdhania nani." Akamtolea nyingine, "Wema hauozi," rangi haikuvutia kama ile. Kijana akalipa, akaondoka akicheka.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Bibi alikuwa na mauzo tayari mkononi na akayaweka chini ya meza. Aliona mbele ya mauzo hayo: alimwona mama mkwe anafungua mfuko, anasoma, na jina la duka linatajwa kwa hasira kwenye nyumba ambayo ina mabinti wa kuolewa na leso nyingi za kununuliwa. Nilipomuuliza kama hapotezi, alishangaa swali. Yeye hauzi kwa anayelipa. Anauza kwa atakayeufungua ule mfuko. Na hangeniambia hivyo kama ningemhoji kwa simu, kwa sababu kwake ni jambo la kawaida mno hata kulitaja. Watu wenye ujuzi wa kina hawajui kuwa wanao. Ukiwauliza siri ya biashara watakujibu uaminifu, kujituma na Mungu, na watakuwa wanasema kweli, lakini mkono wao unafanya kitu kingine mbele ya macho yako.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali la asali. Nilikuwa nimempelekea chupa kama zawadi. Akaishika, akaninyooshea kidole: "Mteja wako akishafika nayo nyumbani, aiweka wapi?"

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kuwauliza wateja hivyo hivyo, neno kwa neno. Majibu yalifanana kwa namna iliyonipa raha. Wachache sana waliiweka mezani pamoja na mkate na chai. Wengi waliiweka kabatini na habasoda, mafuta ya mzaituni, tangawizi na dawa ya kikohozi. Kwa Waislamu wengi wa pwani asali ina heshima ya kutajwa ndani ya Surat An-Nahl kuwa ina ponyo kwa watu, na kwa wasio Waislamu nako kuna bibi aliyewapa asali na limau wakikohoa. Asali kwao inakaa na tiba. Na mtu anayetafuta kitu cha kumpa mgonjwa wake hapimi urefu wa chupa. Anataka kujua ni halisi au si halisi. Mzee alikuwa amenielekeza kwa huyu huyu.

Kwa hiyo nguvu nilizielekeza kwenye maduka ya habasoda na vyakula vya tiba, karibu na misikiti na masoko, na lebo ikabadilika. Sikuandika kwamba inatibu ugonjwa wowote, na nawasihi wenzangu msiandike. Ukishajua mteja anaikimbilia kwa ajili ya afya, jukumu linakuwa kubwa zaidi. Niliandika kwa herufi zinazosomeka kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya botulismo ambavyo utumbo wake mchanga hauwezi kuvishinda. Nikaandika pia kwamba asali halisi huganda, kwani glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe, na ukiiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu inarudi. Maneno hayo ya kuganda yamefanya kazi kubwa kuliko matangazo niliyowahi kulipia. Muuzaji wa duka sasa anayasoma kwa sauti mbele ya mteja anayelalamika.

Nairobi nilikwenda kwa mwanamke aliyetumia maisha yake ya kazi kusambaza bidhaa za nyumbani kwenye maduka madogo. Vijana wake wote wanamwita madam, nami nikamwita hivyo. Aliniweka kwenye tuktuk ya mauzo na kijana wake mmoja, tukaingia mitaa ya Eastlands, duka moja hadi jingine, yale ya dirisha la nondo ambapo mwenye duka anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu.

Kule niliona uchumi wa kadogo, wa kununua kidogo kidogo, ulivyo. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sabuni ya unga ya kifuko cha kufulia mara moja, majani ya chai ya siku mbili. Kijana akifika dirishani hasemi habari ya bidhaa mpya. Anachungulia kwanza rafu. "Mathe, hizi zimebaki tatu. Wikendi utafika kweli?" Mwenye duka anageuka, anahesabu, anaagiza. Madam alinieleza jioni kwamba amewakataza kuuza kitu dirishani kabla hawajaangalia kilichobaki. Kilichobaki kinasema ukweli ambao mwenye duka mwenyewe hajaugundua.

Ni yeye pia aliyenisimulia habari ya M-Pesa kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria, tukiwa tumesimama mkabala na kibanda cha kijani cha wakala tukitazama watu wanaoingia na kutoka. Wengi tunajua kwamba Safaricom waliizindua Machi 2007. Wachache wanakumbuka kwamba jaribio la mwaka 2005 lilihusu mikopo midogo: mteja wa taasisi ya Faulu apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Watu wa Vodafone waliokuwa nyuma ya mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, wakakaa wakaangalia washiriki wanafanya nini hasa. Wakawakuta wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wengine wanaweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wengine wanazilaza humo usiku kucha kwa usalama. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Uzinduzi ulipofika, mikopo iliwekwa kando na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Nchi ambayo mamilioni wanafanya kazi mjini na wazazi wako kijijini haikuhitaji maelezo zaidi.

"Wangekuwa na kiburi cha mpango wao," madam alisema, "wangeendelea kuuza mikopo." Kisha akaniuliza kama nimewahi kumfuata mteja wa asali mpaka jikoni kwake. Nilimweleza ya bibi wa Mombasa. Alifurahi, akasema basi tunaelewana.

Naandika haya pia kwa sababu kuna vijana wengi wanaolipa pesa nyingi kuingia ukumbi wa hoteli kumsikiliza mtu akisimulia alivyofanikiwa. Siwalaumu, kiu ya kujifunza ni ya kweli. Ila simulizi ya jukwaani imeshapangwa; yale mauzo yaliyokataliwa, ule mshono uliorudiwa, hayafiki jukwaani. Nauli ya basi hadi Mombasa kupitia Horohoro, au hadi Nairobi kupitia Namanga, na kitanda cha gesti ya kawaida vinaweza kukupeleka mahali penye elimu zaidi. Nenda na pasipoti au hati yako ya dharura, nenda na mtu wa kukutambulisha, na nenda ukiwa tayari kufanya kazi yoyote utakayopewa. Simu iwe mfukoni. Maswali yasubiri jioni, kwa sababu mchana mtu yuko kazini na kila swali lako linamgharimu mteja. Wateja wa mwenyeji wako usichukue namba zao hata wakikupa wenyewe. Na ukiondoka, baada ya muda mpigie umweleze ulichofanya na kilichotokea, pamoja na tarakimu. Hakuna malipo wanayoyapenda kuliko hayo, na hapo ndipo somo la pili huanza.

Kwangu somo hilo la pili limekuwa gumu, maana walimu wangu hawakubaliani. Madam anataka niwe na chupa ndogo kabisa ya asali, ya kutumia kikohozi kimoja ikaisha, iuzwe kwenye duka la mtaa kwa bei ya kadogo. Mzee wa Kariakoo, nilipomwambia kwa simu, alikataa kabisa. Alinipigia hesabu: kwenye chupa kubwa kifungashio ni sehemu ndogo ya gharama, kwenye ndogo kinakaribia kuimeza asali yenyewe, na mteja wa kadogo anakumbuka bei kuliko jina. Wote wawili wana haki kwa soko wanalolijua. Nimeamua kuijaribu chupa ndogo kwenye maduka yale yale ya habasoda tu, ambako mtu anaweza kuionja leo na kurudia kubwa mwezi ujao. Madirisha ya nondo nimeyaacha kwanza. Nikipata daftari la miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, watu wanapokohoa zaidi, nitawapelekea wote wawili waone.

Safari inayofuata siendi peke yangu. Nakwenda Kariakoo na mrinaji mmoja wa Sikonge, ashinde kwa mzee pamoja nami, kisha tuzunguke kwenye maduka yanayouza asali yake. Mengi yanayoamua kama chupa itarudi dukani yanafanyika msituni, kabla mimi sijaigusa. Sega likivunwa kabla nyuki hawajalifunika kwa nta, asali inaweza kuwa na maji zaidi ya asilimia 20, na baada ya muda inaanza kuchacha, kifuniko kinatoa hewa mteja akikifungua. Nimemweleza hivyo mara kadhaa chini ya mti akatikisa kichwa. Nataka akae kwenye kaunta, mteja amrudishie chupa mkononi, amuulize yeye.